Antigua si mji wa kupitia tu

Wengi wetu tukifika Antigua Guatemala na marafiki tunakimbilia kupanda Acatenango, tukalale juu tuutazame mlima jirani wa Fuego ukitema moto usiku. Sikatai, inastaajabisha: kwanza unaona mawe mekundu yakirushwa na kubiringika mteremkoni, halafu ndipo mngurumo unakufikia kifuani. Lakini mji wenyewe hauachwi hivi hivi. Wahispania waliitawala nchi kutoka mji huu hadi matetemeko ya 1773 yalipoubomoa na makao makuu yakahamishiwa Jiji la Guatemala la leo. Makanisa yaliyoanguka bado yapo, kuta nene bila paa, majani yameota kwenye nyufa. Yaingieni asubuhi, kabla ya umati.

Na jamani, tuuheshimu ule mlima. Tarehe 3 Juni 2018 Fuego uliporomosha majivu na mawe ya moto, kijiji cha San Miguel Los Lotes kikafukiwa na watu wakafia majumbani mwao. Inaniuma sana kuona vijana wakimbana kiongozi wa msafara awasogeze karibu na kreta, eti wapate picha. Akisema turudi, kundi zima ligeuke, hata kama kuna aliyetoka mbali kiasi gani. Makoti mazito pia msiyasahau: kambi za Acatenango ziko juu karibu sawa na kambi ya Horombo kule Kilimanjaro, na upepo wake hauna huruma.