Atolewaye Mlangoni kwa Neno Lake

Baadhi ya vijana wametuuliza khabari ya ile mikutano ya wapenzi wa hadithi za kisayansi na hadithi za picha, ambayo asili yake ni Marekani na imekwisha fanyika hata Nairobi. Watu hukutana siku mbili tatu, wengine wamevaa mavazi ya mashujaa wa hadithini, wakanunua vitabu na kuwasikiliza waandishi. Swali lao ni hili: mikutano hiyo ina kanuni za mwenendo, na asemaye neno la kuudhi aweza kutolewa nje na kiingilio chake kikapotea. Je, hiyo ni haki?

Twajibu kwamba kanuni yenyewe haina ubaya. Kwa miaka mingi mikutano mingi haikuwa na kanuni iliyoandikwa, na walioonja taabu ya hali hiyo ni wanyonge, khasa wanawake na wasichana. Aliyetukanwa au kufuatwafuatwa hakujua amwendee nani, basi akanyamaza, na mwaka wa pili asije tena. Lakini vijana wameuliza juu ya haki, na hapo yapasa kuwatazama wale waishikao kanuni.

Mkutano wa kwanza wa dunia wa wapenzi wa hadithi hizi ulifanyika New York, Julai 1939. Vijana sita wa kundi moja, wakiwamo Frederik Pohl na Donald Wollheim, ambao baadaye walikuwa wahariri wakubwa wa fani hiyo, walizuiwa wasiingie. Waliowazuia, Sam Moskowitz na wenzake, ndio waliouandaa mkutano, nao walikuwa mahasimu wao wa siku nyingi. Sababu kubwa ilikuwa karatasi zilizochapwa kuwaonya watu juu ya waandaaji hao. Basi tazameni ajabu: karatasi ile iliandikwa na David Kyle, na Kyle aliingia! Isaac Asimov, aliyekuwa wa kundi lile lile, naye aliingia akakaa. Sasa kosa lilikuwa neno, au lilikuwa sura ya mtu? Mwenye ugomvi ndiye aliyeshitaki, ndiye aliyehukumu, na ndiye aliyesimama mlangoni. Mwalimu yeyote wa chuo ajua kwamba watoto wawili wakigombana, hapewi mmoja wao bakora amchape mwenziwe.

Wala kuandika peke yake hakutoshi. Mkutano uitwao Readercon, wa huko Massachusetts, ulikuwa na kanuni kwamba mwenye kumbughudhi mwenziwe atapigwa marufuku maisha yake yote. Mwaka 2012 mwandishi mmoja mwanamke alishitaki. Aliyeshitakiwa alikuwa mtu ajulikanaye sana miongoni mwa mashabiki, na wakuu wa mkutano wakamzuia miaka 2 tu, wakisema kuwa amejuta. Watu wakauliza: hiyo miaka 2 imeandikwa wapi? Mwezi wa Agosti wakuu wale walijiuzulu, na marufuku ikafanywa ya maisha. Sisi twaona marufuku ya maisha kwa kosa la kwanza ni nzito, na mlango wa toba haufai kufungwa. Ila huruma hiyo ilipasa kuandikwa mapema ipate kumfikia kila mtu, siyo kuzuliwa siku aliyoshitakiwa mwenye jina.

Sasa twafika palipo pagumu kwetu sisi Waislamu. Mkutano wa WisCon, wa mji wa Madison katika Wisconsin, ulimwalika mwandishi Elizabeth Moon awe mgeni wa heshima mwaka 2011. Mnamo Septemba 2010, Wamarekani walipokuwa wakigombania jengo la Kiislamu lililokusudiwa kujengwa New York karibu na mahali palipoanguka yale majumba mawili, yeye aliandika kwamba Waislamu wa nchi ile wamevumiliwa sana, na kwamba ilikuwa juu yao kujua kuwa jambo lile litawaudhi watu. Wengi waliumia, Waislamu na wasio Waislamu. Waandaaji kwanza walisema mwaliko unabaki. Oktoba chama chenye mkutano kikauondoa.

Wengi wetu tukisikia hayo twafurahi. Tusifurahi upesi. Lau mwandishi Mwislamu angaliandika, nje ya mkutano kabisa, neno la kuwachoma wengine, tungalitaka apimwe kwa pishi gani? Rai yetu ni kuwa heshima ya ugeni ni hidaya, na mwenye kuitoa aweza kuizuia. Siyo sawa na kumfungia mtu mlango aliokwisha ulipia. Kwa hivyo hatusemi kwamba bibi yule alinyang'anywa haki yake. Lakini maneno aliyoyaandika yalikuwa yale yale siku alipoachiwa mwaliko na siku alipoondolewa. Kilichozidi baina ya siku hizo mbili ni kelele, na safari ile kelele zilikuwa upande wetu.

Na ulimi wa hakimu je? Mwaka 2018 waandaaji wa mkutano wa dunia wa San Jose, California, walimzuia mwandishi mmoja kabla hajafika, kisha wakatangaza maneno yaliyomhusisha na ubaguzi wa rangi na uonevu. Akaenda mahakamani. Madai yake mengi yalitupwa, likabaki lile la kuvunjiwa jina, na mwaka 2021 mambo yakaisha kwa mapatano: waandaaji walimlipa dola 4,000 na kumwomba radhi hadharani. Kumzuia hakukuwagharimu, kilichowagharimu ni kutangaza.

Basi kijana atakaye kwenda na azisome kanuni kabla ya kulipa. Makosa yametajwa kwa majina yake, au imeandikwa tu "mwenendo mbaya", ambayo kila mtu hujaza atakacho? Malalamiko hupokewa na nani, na akishitakiwa rafiki wa mpokeaji, ni nani atakayekaa mahali pake? Mshitakiwa husikilizwa kabla ya kutolewa, au baadaye? Na wewe mzazi wa binti, uliza amwendee nani mwanao akitukanwa kwa ajili ya mtandio wake, na kama mtu huyo atakuwapo mpaka usiku, kwani mengi katika hayo hutokea usiku. Majibu yasipopatikana katika karatasi, waandikieni waandaaji, na kiingilio kikae mfukoni mpaka wajibu.