GAZETI LA UKUTANI SI LA KATIBU PEKE YAKE

Ndugu wanachama,

Ubaoni bado imebandikwa bei ya mnada wa korosho ya msimu uliopita. Karatasi inaliwa na mchwa, na watu wanapita wakinung'unika: "Gazeti halina jipya!" Jipya litoke wapi, na ninyi wenye habari mmezikalia vibarazani?

Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Wazee wetu walishika chaki kwa mikono yenye sugu za jembe. Je, tulirithishwa kisomo ili tutie sahihi tu tunapochukua salfa?

Anayefurahi ubao ukilala ni mlanguzi wa kangomba. Asiyejua bei ya mnada ndiye anayempimia korosho kwa bakuli badala ya mizani.

Basi tunasema: kila Jumamosi kila shina lilete habari moja. Ubwiri unga umeingia mashamba yapi? Salfa imefika mifuko mingapi? Ghalani zimepimwa kilo ngapi? Asiyeweza kuandika aje aseme, wanakisomo wataandika. Habari iliyopitwa na wakati ibanduliwe siku hiyohiyo.

Tusiulaumu ukuta. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Katibu