Pipi yenye jina haina mteja wa pili

Leo naongea na wanaotengeneza pipi na chokoleti zenye majina kwa ajili ya sherehe, na wale wanaofikiria kuanza. Nasemea zile ambazo wageni wanazikuta mezani au wanapewa mlangoni wakiondoka, zina jina la maharusi, tarehe na neno la asante. Hapa Morogoro zimeingia kila mahali: sendofu, kicheni pati, kipaimara, arobaini ya mtoto, mahafali ya SUA na Mzumbe, mpaka sherehe za kumtoa mwali.

Mimi niliishia kidato cha nne. Kudizaini nimejifunza kwenye simu, kuchapa nimejifunza kwa kusimama stesheneri nikiangalia. Kwa hiyo siongei kama mtaalamu, naongea kama mtu anayeifanya kila wiki. Na msimamo wangu nausema mapema: kwenye kazi hii unauza vitu viwili, pipi na jina. Ukivichanganya kwenye bei moja na malipo ya aina moja, utafanya kazi usiku kucha halafu ushangae hela iko wapi.

Pipi ina wateja wengi. Asipoichukua huyu, utamuuzia mwingine hata mwezi ujao. Lakini lebo iliyoandikwa "Asante kwa kuja, Neema na Yusuph" na tarehe yake ina mteja mmoja tu. Akikata simu, hakuna mwingine wa kumuuzia. Sheria zangu zote zinatokana na hilo.

*Faida haipo kwenye pipi*

Wengi wanapanga bei hivi: chokoleti nimenunua 700, naongeza 300, nauza 1,000. Tupige hesabu ya oda ya chokoleti 200. Hizi bei ni za mfano, wewe weka za kwenu.

Chokoleti 200 kwa 700 ni 140,000. Karatasi na kuchapa kurasa 25 kwa 1,000 ni 25,000. Gundi 3,000. Boda na bando 5,000. Jumla 173,000. Ukiuza 1,000 kila moja unapata 200,000, inabaki 27,000.

Sasa hesabu muda. Kudizaini na kujibu meseji, saa mbili. Kwenda dukani na stesheneri, saa mbili. Kukata na kubandika, dakika moja na nusu kila moja, hiyo ni saa tano. Jumla saa tisa. Umelipwa 3,000 kwa saa, na hapo hakuna aliyekuomba punguzo.

Anayekuomba punguzo naye anaangalia bei ya pipi, na bei ya pipi anaijua. Tangu treni ya SGR ianze safari za Dar na Morogoro Juni 2024, mtu anashuka Kariakoo asubuhi na jioni yuko nyumbani. Huwezi kumwambia chokoleti ni 1,000 wakati ameiona kwa jumla. Atakuona mwizi, na wewe utamuona mkorofi.

Ndiyo maana mimi naandika bei mbili. Pipi 750, jina 350. Mteja anaona wazi kwamba kwenye pipi sijamuumiza, na kwamba jina ni kazi. Kwa oda hiyo hiyo ya 200, jina linaleta 70,000. Ukitoa 33,000 ya karatasi, gundi, boda na bando, inabaki 37,000. Kwenye pipi inabaki 10,000. Jumla 47,000 kwa saa zile zile tisa, zaidi kidogo ya 5,000 kwa saa.

Mteja akisema ana pipi zake, karibu sana, alete. Nitamtoza jina tu. Akisema atachapa mwenyewe, sawa pia. Wapo wanaoweza, na hatupaswi kuwachukia.

Kuna wanaosema Mtanzania hawezi kulipia maandishi. Mimi nawauliza, kanga je? Pale sokoni unakuta kanga za kitambaa kile kile, na mama anapekua mpaka apate yenye jina analolitaka. Yale maneno kwenye kanga tunayaita jina, na mama anaweza kuiacha kanga nzuri kwa sababu jina halijamgusa. Watu wetu wanalipia maneno siku nyingi. Sisi ndio tunayatoa bure.

Kwa oda ndogo, mfano bethdei ya watoto 15, usitumie bei ya kipande. Kudizaini kwa watoto 15 na kudizaini kwa wageni 200 kunakula muda ule ule. Weka kiasi kimoja cha kudizaini, kisha bei ya kipande ifuate.

*Jina lilipwe lote kabla ya kuchapa*

Hapa najua wengine tutapishana. Ushauri unaozunguka ni "chukua nusu, nusu siku ya kukabidhi". Kwa mkoba au viatu ni sawa. Kwa kitu chenye jina la mtu, nusu ni hatari, kwa sababu siku ya kukabidhi yeye ndiye mwenye nguvu. Anajua huna pa kupeleka. Akisema "nipunguzie, michango haijakamilika", utapunguza tu.

Lakini na mimi nakubali, kudai hela yote ni kugumu. Mteja wa mtandaoni hakujui. Ameshasikia habari za watu kutuma hela kisha simu inazimwa. Na hela ya sherehe zetu iko mikononi mwa kamati, inaingia kidogo kidogo mpaka wiki ya mwisho. Ukimwambia mweka hazina atoe 220,000 wiki tatu kabla, atakukimbia.

Kutenganisha pipi na jina kunamaliza huo ubishi. Mimi nafanya hivi. Kwanza anatoa hela ndogo ya kudizaini, namtumia mchoro. Akiupenda, nachapa ukurasa mmoja, navalisha chokoleti moja, nampiga picha au anapita kuiona. Hapo ameshajua nipo na kazi naiweza. Kisha analipa jina lote, ile 70,000, nikiondoa aliyotanguliza. Ndipo nachapa zilizobaki. Hela ya pipi anaweza kumalizia siku ya kuchukua, kwa sababu asipokuja, pipi nitaziuza. Yeye hajabeba mzigo mkubwa mapema, na mimi sijaweka hela yangu kwenye karatasi isiyo na mnunuzi.

Mwaka jana kulikuwa na sendofu ya chokoleti 150. Nimeshachapa na kuvalisha zote, kamati ikasogeza tarehe wiki mbili mbele kwa sababu michango haikutimia. Hakukuwa na ugomvi. Jina lilikuwa limelipwa, kwa hiyo walilipia lebo mpya zenye tarehe mpya, nikavua za zamani, nikavalisha mpya juu ya chokoleti zile zile. Kama ningekuwa nadai nusu, tungeanza kubishana nani abebe hasara, na kwenye ubishi kati ya kamati nzima na muuzaji mmoja mnajua nani anashindwa.

*Usiivue pipi ganda lake*

Hilo la kuvua na kuvalisha liliwezekana kwa sababu sikugusa kifungashio cha kiwandani. Naona picha mtandaoni watu wanafungua chokoleti, wanaifunga upya kwa karatasi ya dhahabu ili ionekane nzuri. Mimi napinga kabisa, na sababu si moja.

Ya kwanza, ukishaifungua haina mteja wa pili. Umeifanya nayo iwe kama jina. Ya pili ni afya. Wino na gundi havikutengenezwa kugusa chakula, na wageni wengi wa sherehe ni watoto. Ya tatu, ganda lina jina la mtengenezaji, viambato na tarehe ya kuisha muda. Mgeni mwenye mzio wa karanga anayasoma hayo. Ukiyatupa, umejigeuza mfungashaji wa chakula, na hayo ni mambo ya TBS, ambao tangu 2019 ndio wanasimamia usalama wa chakula baada ya kazi hiyo kutoka TFDA. Wewe umekusudia kuuza jina, usijibebeshe kesi ya chakula.

Valisha lebo juu ya ganda, na iache tarehe ya kuisha muda ionekane. Kwa pipi kijiti, stika ya duara upande mmoja inatosha. Na unaponunua kwa jumla, angalia tarehe kabla ya kulipa. Bei chee sana mara nyingi ina sababu.

*Jina likubaliwe kwa maandishi*

Majina yetu yana njia nyingi za kuandikwa. Yusufu, Yusuf, Yusuph. Hadija, Khadija. Zainabu, Zainab. Huwezi kukisia, na voisi haikusaidii, maana kwenye sauti yote yanafanana. Mteja aandike mwenyewe, unakili alichoandika herufi kwa herufi, umtumie mchoro, na ajibu kwa maandishi "sawa, chapa". Tunza hiyo meseji. Siku akisema umekosea, unamuonyesha kwa upole tu.

Na uliza mwenye kauli ni nani. Kwetu Uluguru watu wanafuata ukoo wa mama, na mjomba ana sauti kubwa kwenye shughuli za watoto wa dada yake. Unaweza kukubaliana na dada wa bibi harusi, kisha mjomba akauliza mbona lebo inataja familia ya baba tu. Kwa hiyo swali langu la kwanza ni: "Mchoro huu nani mwingine lazima auone kabla sijachapa?" Ni swali dogo, linaokoa kurasa nyingi.

Jambo lingine la heshima: jina na picha ya mtoto wa mtu si tangazo lako. Omba ruhusa kabla ya kuposti, au ziba jina. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, lakini hata bila sheria, ni ustaarabu.

*Vipimo na karatasi*

Usichukue vipimo vya mtandaoni, chokoleti za huku zinatofautiana. Kata kipande cha karatasi, zungushia chokoleti, weka alama zinapokutana, ongeza sentimita moja ya gundi. Tuseme umepata lebo ya sentimita 12 kwa 5. Karatasi ya A4 ni 21 kwa 29.7. Ukiilaza lebo kufuata upande mfupi, zinaingia 5 tu. Ukiilaza kufuata upande mrefu, zinaingia mbili mbili kwa mistari minne, jumla 8. Kwa lebo 200 hiyo ni kurasa 25 badala ya 40. Kwa 1,000 kila ukurasa, 15,000 imebaki mfukoni mwako kwa kugeuza karatasi tu.

Gundi ya maji inakunja karatasi, tumia gundi ya kijiti au selotepu ya pande mbili. Printa ya leza ni bora kwa chokoleti zinazotoka kwenye friji, kwa sababu friji ikifunguliwa chokoleti inatoa jasho, na wino mwingi wa printa za nyumbani unachuruzika.

Na joto. Siagi ya kakao inayeyuka karibu na joto la mwili wa mtu, na inalainika kabla ya hapo. Mteja wa Mgeta kule juu kwenye baridi hana shida, ila chokoleti mpaka imfikie inakaa kwenye gari. Mjini kuanzia Novemba mpaka Februari, chini ya hema mchana, chokoleti inalegea, na ikiganda tena inaota weupe. Miezi hiyo mimi namshauri mteja achukue pipi ngumu au pipi kijiti. Lebo ni ile ile, bei ya jina ni ile ile. Akisisitiza chokoleti, zikabidhiwe jioni, zikae pa baridi, na mezani ziwekwe wageni wakishakaa.

Kwa hiyo mwenye oda mezani leo, kabla hujafungua Canva, chukua daftari uandike mistari miwili: pipi shilingi ngapi, jina shilingi ngapi. Mtumie mteja hiyo mistari miwili kama ilivyo. Wengine watakuuliza maswali, jibu. Wengine wataondoka, waache waende, kwa sababu atakayekimbia bei ya jina kabla hujachapa ni afadhali kuliko atakayekimbia ukiwa umeshachapa.

Kama unatumia utaratibu wa nusu kwa nusu na unakulipa, tuambie unaulindaje. Tujifunze wote. Kazi njema.