Kazi Isiyoonekana



Miongoni mwa michezo inayofunza akili na mikono ni ule wa kuunda mifano midogo ya ndege, merikebu na magari kwa vipande vya plastiki. Kampuni ya Airfix ya Uingereza ilitoa mfano wake wa kwanza wa ndege, Spitfire, mwaka 1953, kwa kipimo cha 1 kwa 72. Na ndege ile, ambayo mbawa zake hutanda mita 11, ikawa ya sentimita 15 hivi. Hizi si sanamu za viumbe wenye roho, bali ni vyombo. Basi na tutazame vina funzo gani kwa Mwislamu.

Funzo la kwanza ni la maji na sabuni. Vipande huweza kutoka kiwandani na utando mwembamba wa mafuta ya kalibu, ambao jicho haliuoni. Mwenye haraka hupaka rangi papo hapo, na kazi yake hupendeza jioni ile. Lakini haupiti muda rangi yabanduka. Mwenye subira huviosha kwanza, akavingoja vikauke.

La pili ni la gundi. Gundi ya kazi hii huyeyusha plastiki kidogo, vipande viwili vikawa kimoja. Ikizidi, huharibu uso wa kitu, na alama ya kidole haifutiki. Kwa hiyo fundi huvijaribu vipande kwanza bila ya gundi, aone kama vyakubaliana. Ulimi nao ni vivyo hivyo: neno hupimwa kabla ya kutoka.

La tatu ndilo kubwa. Kiti cha rubani hupakwa rangi kabla nusu mbili za mwili wa ndege hazijaunganishwa. Zikisha kuungana, sakafu na kuta za ndani hazionekani tena ila kwa shida. Hapo nafsi humwambia kijana: "Ya nini taabu? Nani atakayeona?" Nafsi hiyo hiyo itamwuliza swali hilo hilo kesho, akiwa fundi anayefukia nyaya za umeme ukutani, au mwashi anayefunika nondo kwa zege, au karani aliye peke yake na hesabu za watu. Jawabu ya Mwislamu yajulikana: Mwenyezi Mungu aona. Hiyo ndiyo ihsani; na aliyeizoea katika kitu cha kuchezea, haitamwia nzito katika amana kubwa.

Nanyi wazazi, fungueni madirisha, kwani mvuke wa gundi na rangi hudhuru. Wala kisu kikali kisiachwe mkononi mwa mtoto mdogo. Kazi ikienda kombo msimmalizie. Mwelekezeni, aimalize mwenyewe. Msimnunulie sanduku la pili kabla la kwanza halijaisha, kwani hiyo ni israfu. Na adhana ikisikika, gundi iachwe ikauke peke yake, watu wasimame kwa Sala.

Mwenyezi Mungu aitengeneze siri yetu iwe bora kuliko dhahiri yetu. Amin.