Maafa yanapotokea, mchango wako unakwenda kwa nani?

KILA yanapotokea maafa makubwa, hazipiti siku nyingi kabla ya barua za kuomba michango kuanza kuzunguka katika ofisi za wafanyabiashara. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi huombwa saruji na mabati, chama cha msingi cha wakulima huombwa magunia ya mahindi, na mwananchi wa kawaida hutumiwa namba ya simu ili atume chochote alichonacho. Wengi hutoa. Wachache huuliza nani anapokea, mchango utafanya nini na nani ataukagua, kwa kuwa kuuliza maswali wakati watu wanalala nje huonekana kama uchoyo.

Ni jambo la kushangaza kidogo. Mfanyabiashara ambaye hawezi kumkopesha jirani yake mifuko 20 ya saruji bila kuandikishana, humkabidhi mtu asiyemfahamu mifuko 200 kwa sababu tu amekuja na barua yenye mhuri.

Tetemeko la Kagera linatosha kuonyesha kwa nini maswali hayo ni ya lazima. Alasiri ya Septemba 10, 2016, tetemeko lenye ukubwa wa 5.9 liliua watu wasiopungua 17, likajeruhi mamia na kubomoa au kutia nyufa maelfu ya nyumba katika Manispaa ya Bukoba na wilaya za jirani. Ilifunguliwa akaunti ya kamati ya maafa ya mkoa, na michango ikaanza kumiminika kutoka kwa kampuni, balozi, taasisi za dini na watu binafsi.

Kabla mwezi huo haujaisha, Rais John Magufuli aliwachukulia hatua viongozi waandamizi wa mkoa na manispaa na kuwaondoa kazini, kwa tuhuma kwamba ilifunguliwa akaunti nyingine yenye jina linalofanana na ile rasmi kwa lengo la kujinufaisha. Tuhuma ni tuhuma, na si kazi ya ukurasa huu kuhukumu mtu. Lakini mchangiaji ana la kujifunza hapo. Tumezoea kudhani kwamba tapeli wa michango ni kijana mwenye laini ya simu isiyojulikana ni ya nani. Safari hii kidole kilielekezwa kwa wenye ofisi. Kwa hiyo jina la akaunti peke yake halitoshi, na cheo cha anayeitangaza hakitoshi pia. Namba ya akaunti ilinganishwe na ile iliyo kwenye tangazo la Ofisi ya Waziri Mkuu, ambayo ndiyo inayoratibu masuala ya maafa, wala si na nakala iliyopita mikono ya watu kumi.

Suala la pili lilijitokeza Januari 2017, na kwa maoni yangu ni zito kuliko la kwanza. Rais alipofika Bukoba aliwaeleza wananchi kwamba Serikali haitamjengea kila mtu nyumba, na kwamba nguvu inaelekezwa kwenye miundombinu ya umma. Hoja hiyo ilikuwa na msingi, kwani shule kama Ihungo na Nyakato zilikuwa zimeharibika vibaya na wanafunzi hawakuwa na pa kulala wala pa kusomea. Hata hivyo, wapo waliotoa fedha wakiwa na picha ya bibi kizee aliyeangukiwa na nyumba yake, si ya bweni la shule. Hilo halikuwa suala la wizi. Mtoaji na mpokeaji walikuwa na mambo mawili tofauti kichwani, na hapakuwa na karatasi iliyowakutanisha.

Mashirika makubwa ya nje nayo hayajasalimika. Baada ya tetemeko la Haiti la Januari 2010, Msalaba Mwekundu wa Marekani ulikusanya karibu dola milioni 500. Mwaka 2015 waandishi wa habari za uchunguzi waliripoti kuwa nyumba za kudumu zilizojengwa na shirika hilo zilikuwa sita tu. Lenyewe lilijitetea kwamba fedha zilitumika pia kwa afya, maji, makazi ya muda na kusaidia mashirika mengine. Linganisha na Madaktari Wasio na Mipaka (MSF). Baada ya tsunami ya Desemba 26, 2004, ambayo mawimbi yake yalifika hadi pwani yetu na kuua watu, shirika hilo liliwaambia wachangiaji mapema Januari 2005 kwamba fedha za kazi hiyo zimeshatosha. Mashirika mengine yalikasirika. Mimi ningemwamini zaidi anayejua kusema inatosha.

Kwa hapa nchini, pa kuanzia papo. Shirika lisilo la kiserikali hutakiwa kuwa kwenye daftari la Msajili wa NGOs. Taasisi za dini nyingi zimesajiliwa kwa Sheria ya Vyama, kwa hiyo kutokuonekana katika daftari hilo si ushahidi kwamba ni za kitapeli. Chama cha Msalaba Mwekundu Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1962. Usajili, hata hivyo, ni kama leseni ya udereva. Hauonyeshi mtu anaendeshaje. Omba hesabu zilizokaguliwa za mwaka uliopita, na uliza kama shirika lilikuwa na watu na ghala katika wilaya ile kabla ya maafa.

Wapo wanaotaka kusikia kwamba kila shilingi itamfikia mwathirika bila gharama ya uendeshaji. Anayeahidi hivyo aulizwe nani anamlipa mtunza stoo. Mabati yasiyo na mtu wa kuyahesabu huishia juu ya mapaa ambayo hayakuguswa na tetemeko.

Kuna pia hesabu ya usafiri. Kutoka Dar es Salaam hadi Bukoba ni zaidi ya kilomita 1,000, na lori la nguo za mitumba hula mafuta ambayo yangenunua saruji na ndizi palepale Kagera, kwa wafanyabiashara na wakulima ambao nao wanajaribu kusimama tena. Kampuni ikumbuke vilevile kwamba Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 iliweka nafuu kwa michango inayotolewa kwa taasisi za hisani zinazotambuliwa, isiyozidi asilimia mbili ya mapato ya biashara. Mchango uliopita mfukoni kwa mtu hauna stakabadhi ya kupeleka TRA.

La mwisho ni muda. Tope liliposhuka kutoka Mlima Hanang Desemba 3, 2023 na kuifunika sehemu ya mji wa Katesh na vijiji vya jirani, misaada ilifika kwa wingi siku za mwanzo. Lakini mkulima aliyepoteza nyumba, stoo na shamba kwa asubuhi moja bado ana msimu wa kupanda mbele yake. Kampuni iliyotenga Sh10 milioni inaweza kutoa tano wiki ya kwanza, na tano nyingine baada ya kupokea taarifa ya matumizi ya zile za mwanzo, wakati ambapo kamera zimeshaondoka na yeye anatafuta mbegu.