Asiulizwe Mtoto Kama Mkono Unamuuma

Tarehe 25 Julai 2019, katika mkoa wa Iwate huko Japani, shule ya sekondari ya Ofunato ilicheza fainali ya besiboli ya mkoa. Mshindi angekwenda Koshien, mashindano ya kitaifa ya shule za sekondari yaliyoanza mwaka 1915, ambayo Wajapani huyafuata kila majira ya joto kama sisi tufuatavyo Kombe la Dunia. Ofunato haikuwa imefika huko kwa miaka 35. Safari hii ilikuwa na Roki Sasaki, kijana wa miaka 17 aliyekwisha kurusha mpira kwa kasi ya kilomita 163 kwa saa. Kocha akamweka benchi mchezo mzima. Ofunato ikafungwa 12 kwa 2, na simu za lawama zikamiminika shuleni.

Mimi nasema kocha yule alitenda haki.

Najua mchezo huu ni mgeni kwa wengi wenu, ingawa watoto wa Lugazi, hapa kwetu Uganda, walikuwa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza fainali za dunia za Little League kule Marekani mwaka 2012. Mrushaji (natumia neno hili kwa kukosa lililo bora) ndiye anayemtupia mpigaji mpira, na aghalabu timu nzima humtegemea yeye. Kila mrusho wa nguvu huivuta ligamenti ya upande wa ndani wa kiwiko. Ikichoka bila kupumzishwa, huchanika. Mwaka 1974 daktari Frank Jobe alichukua kano kutoka mkono mmoja wa mrushaji Tommy John, akaipandikiza katika kiwiko cha mkono wa pili. Upasuaji ule, ambao hata leo huitwa kwa jina la mgonjwa, ulibuniwa kwa ajili ya mtu mzima aliyelipwa mshahara wa kucheza. Siku hizi hufanyiwa hata wanafunzi wa sekondari.

Sasa tazameni hesabu ya Sasaki. Siku nne kabla ya fainali alirusha mara 194 katika mchezo mmoja. Siku moja kabla, mara 129. Kocha si malaika, kwani mirusho ile 194 ni yeye aliyeiruhusu. Ila siku ya mwisho alisimama mahali ambapo watu wazima wengi hawathubutu kusimama.

Pingamizi ninaloliheshimu ni hili: mbona kijana asiachiwe aamue mwenyewe? Mkono ni wake, na ndoto ni yake. Nami nimefundisha vijana wa umri huo muda wa kutosha kujua jibu watakalotoa. Mwulize mvulana wa miaka 17, mbele ya wenzake, na mji mzima ukiwa uwanjani, kama mkono unamuuma. Atasema hapana. Swali la namna hiyo humtwika mtoto mzigo wa mkubwa, na akiumia, mkubwa hupata pa kujifichia: alitaka mwenyewe.

Ndiyo maana naitaka sheria iliyoandikwa, isiyotegemea moyo wa kocha mmoja. Mwaka 1998 Daisuke Matsuzaka alirusha mara 250 katika mchezo mmoja wa Koshien uliofika zamu ya 17, ilhali mchezo wa kawaida huwa na zamu 9. Japani ilimshangilia kama shujaa. Mwaka 2013 Tomohiro Anraku, mwenye miaka 16, alirusha mara 772 katika mashindano mamoja. Hatimaye, tangu 2020, shirikisho la besiboli la shule za sekondari nchini humo liliweka kikomo cha mirusho 500 kwa wiki. Ni hatua njema lakini haitoshi, kwa kuwa mwanafunzi bado angeweza kurusha mara 150 leo na mara 150 kesho. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2014 ni bora zaidi: kijana wa miaka 17 au 18 asizidishe mirusho 105 kwa siku, na akipita 80 apumzike siku nne. Nao una tundu lake. Mtoto huchezea shule, kisha klabu ya mtaani, na mara nyingi hapana mtu anayejumlisha daftari hizo mbili.

Tarehe 10 Aprili 2022 Sasaki, akiwa mchezaji wa kulipwa wa Chiba Lotte, aliwakabili wapigaji 27 na hakuna hata mmoja aliyefika kituo cha kwanza. Wiki moja baadaye alikuwa akielekea kurudia jambo lile lile. Zamu nane zilikwisha, hakuna aliyefika, naye amerusha mara 102. Mwalimu wa timu akamtoa. Lotte ikafungwa 1 kwa 0.