Mwacheni Mama Afagie

Katika nyumba zetu nyingi, mama akishika kiuno tu, hukumu imeshatoka. Ufagio ananyang'anywa. Ndoo haigusi tena. Sokoni anatumwa mjukuu, chai analetewa alipokaa, na akijaribu kuinuka anakemewa kwa upendo: "Mama, kaa, utajiumiza." Baada ya miezi kadhaa mama huyo hawezi kupanda ngazi za baraza bila kushikwa mkono, na ukoo mzima unakubaliana kwamba ugonjwa umezidi. Mimi nasema mama amedhoofishwa, na waliomdhoofisha ni wanawe wanaompenda.

Imani iliyowaongoza wanawe ndiyo ninayoipinga: kwamba mgongo unaouma ni mgongo ulioharibika, na kilichoharibika hakiguswi mpaka kipone. Imani hii anayo dereva wa daladala, anayo mwalimu, anayo karani wa benki. Wanayo hata baadhi ya wavaa makoti meupe, wanaoandika ED, yaani ruhusa ya mgonjwa kutokwenda kazini, ya siku saba na kumwambia akalale.

Wengi hudhani hiyo ni hekima ya wazee. Wazee gani? Bibi zetu waliugua viuno wakachuliwa kwa mafuta ya moto, na kesho yake walikuwa wanapepeta mchele. Kulala wiki nzima ni fundisho la hospitali. Katika karne ya 19 huko Liverpool, Uingereza, tabibu wa mifupa Hugh Owen Thomas alihubiri mapumziko ya kulazimishwa, yasiyokatizwa, ya muda mrefu. Zama zile hapakuwa na dawa ya kifua kikuu cha mifupa, kwa hiyo alikuwa na sababu yake. Kosa lilikuwa kuchukua tiba ya mfupa unaoliwa na kifua kikuu na kuifanya tiba ya kila kiuno kilichokaza.

Udaktari wenyewe umeshajirekebisha, ila habari hazijatufikia barazani. Mwaka 1986 Richard Deyo na wenzake nchini Marekani waliwaambia wagonjwa wa mgongo walale ama siku mbili ama siku saba. Walioambiwa siku mbili walipoteza siku za kazi pungufu kwa asilimia 45, na hawakuwa na hali mbaya kuliko wenzao. Mwaka 1995 wakaja watafiti wa Finland na wafanyakazi 186 wa jiji la Helsinki, wote wakiwa na maumivu ya kiuno ya muda mfupi. Kundi moja lililazwa siku mbili, la pili likapewa mazoezi maalumu ya mgongo, la tatu likaambiwa liendelee na shughuli zake za kawaida kadiri maumivu yanavyoruhusu. La tatu ndilo lililopona vizuri zaidi. Waliolala ndio waliochelewa.

Sababu haijafichika. Diski za katikati ya pingili, mtu akishakuwa mzima, hazina mishipa yao ya damu. Lishe yao hupenya kutoka kwenye mifupa jirani, na mwendo wa kubanwa na kuachiwa husaidia upenyaji huo. Misuli inayosimamisha uti hupungua haraka isipotumika. Juu ya hayo kuna woga. Mtu aliyeaminishwa kwamba akiinama atavunjika huukaza mgongo mchana kutwa, halafu uchovu wa kukaza huko anauita ugonjwa.

Woga huo mara nyingi huzaliwa kwenye chumba cha picha. Mtu anaingia akiwa na maumivu, anatoka na hukumu: "Pingili zimesagika." Kuanzia hapo anatembea kama aliyebeba mayai. Hakuna aliyemwambia kwamba majumuisho ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2015, ya watu zaidi ya 3,000 wasiokuwa na maumivu yoyote ya mgongo, yalionyesha kwamba diski zilizochakaa huonekana kwa watu 37 katika kila 100 wenye umri wa miaka 20, na kwa 96 katika kila 100 wenye miaka 80. Kuchakaa huko ni mvi za ndani. Picha ina kazi yake pale daktari anapotafuta kitu mahususi. Ikipigwa kwa mazoea, huzalisha wagonjwa.

Kuna na hili la figo. Kiuno kikiuma, jirani anasema figo, na mtu anaanza kujinywesha maji kwa madumu. Maradhi sugu ya figo kwa kawaida huja kimyakimya, na yanaletwa zaidi na kisukari na shinikizo la damu. Maumivu ya figo yenyewe hukaa zaidi ubavuni, nayo mara nyingi hufuatana na homa au mkojo uliobadilika. Lakini kinachonitia uchungu ni kwamba huyohuyo anayeogopa figo anapita duka la dawa kila wiki kununua diklofenaki, mwaka wa tatu sasa, bila kuandikiwa na mtu, wakati dawa za jamii hiyo zikinywewa hovyo ndizo zinazoumiza figo na kutoboa tumbo. Muuzaji anajua. Anauza.

Mikanda ya mgongo nayo tunaivaa kama hirizi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno unasema mikanda hiyo isitumike kama tiba ya kawaida, na badala yake unataja elimu kwa mgonjwa na mazoezi. Hata godoro gumu kama ubao, linalouzwa ghali kwa jina la mifupa, lilishindwa na godoro la ugumu wa kadiri katika utafiti wa Hispania wa mwaka 2003 uliohusisha watu 313.

Sasa tutazame siku ya mtu wa mjini mwenye kazi ya mezani. Anatoka kitandani kwenda kwenye gari, au bodaboda inamfuata mlangoni kwa safari ya dakika kumi kwa miguu. Anakaa mpaka saa kumi na moja jioni. Anakaa tena kwenye foleni ya magari ya Ubungo, Dar es Salaam. Anakaa mbele ya nyama choma, kisha kochi, kisha simu mpaka saa saba usiku. Uzito unapanda, usingizi unapungua, na kama ni mvutaji sigara ameongeza jambo jingine linaloandamana na maumivu ya mgongo. Huyu mgongo ukimuuma anaagizwa nini? Apumzike!

Wahadzabe, jamii ya wawindaji wa kandokando ya Ziwa Eyasi nchini Tanzania, wanatufaa hapa. Watafiti waliowapima, katika ripoti ya mwaka 2020, walikuta wanapumzika karibu saa kumi kwa siku, sawa na watu wa nchi za viwanda. Tofauti ni namna: wanachuchumaa, wanapiga magoti, wanakaa chini, na misuli ya miguu inaendelea kufanya kazi. Utafiti ule ulihusu hasa afya ya moyo, mgongo haukupimwa. Lakini unatuonyesha kwamba hata kupumzika kuna kupumzika kwa mwili ulio hai. Sisi tumeuacha mkeka na mbuzi ya kukunia nazi, tukaona ni maendeleo mwili kutokunjwa tena.

Najua nitajibiwa kwa ukali, na jibu hilo lina haki: je, mwanamke wa kijijini? Huyu ana dumu la lita 20 kichwani, yaani kilo 20 za maji, mara kadhaa kwa siku. Analima akiwa ameinama kwa jembe la mpini mfupi, mtoto mgongoni. Kumwambia afanye mazoezi ni kumtukana, nami simwambii. Kazi nzito inayorudiwa kwa namna ileile huumiza mgongo, hilo halina ubishi. Lakini tazama kwamba hata kwake dawa si kitanda, maana akilala hakuna atakayempikia, na akiinuka dumu ni lilelile. Mwili wake haukosi mwendo, unakosa zamu. Anahitaji mpini mrefu, toroli, bomba lililo karibu, na mume anayejua njia ya kisimani. Kutua mzigo na kukaa kivulini kati ya safari moja na nyingine ni haki yake, na ni jambo tofauti kabisa na kulazwa wiki mbili ndani. Tunamtwisha mwanamke huyu mizigo mpaka anaanguka, kisha tunamfungia chumbani, na yote mawili tunayaita desturi.

Wapo ambao hawapaswi kungoja hata siku moja: mwenye miguu inayopoteza nguvu, aliyepata ganzi sehemu za siri au kushindwa kuzuia mkojo na haja kubwa, aliyeumia kwa ajali, mwenye homa za jioni na mwili unaokonda, aliyewahi kuugua saratani. Kifua kikuu cha mgongo bado kipo kwetu. Hao waende hospitali leo. Walio wengi hawamo humo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 waliishi na maumivu ya kiuno, na takriban tisa katika kila kumi hawana ugonjwa mahususi unaoonekana.

Kwa hao walio wengi, kutembea tu kunafaa. Mwaka 2024 watafiti wa Australia walieleza habari za watu 701 waliokuwa wametoka kupona kiuno. Waliofundishwa na mtaalamu wa tiba ya viungo na kuongeza mwendo polepole hadi nusu saa, mara tano kwa wiki, nusu yao walikaa siku 208 au zaidi kabla ya maumivu kurudi. Kwa ambao hawakufanyiwa hivyo ilikuwa siku 112.

Kwa hiyo daktari anayeandika ED ya siku saba aandike: kazi nyepesi, atembee asubuhi na jioni, arudi baada ya wiki mbili. Mwajiri aipokee kazi nyepesi hiyo bila kununa wala kugusa mshahara. Na halmashauri ziondoe magari yaliyoegeshwa juu ya njia za waenda kwa miguu, maana mtu wa miaka sitini aliyeambiwa atembee nusu saa hapaswi kugombania lami na bodaboda ili apone kiuno.